Fundo la Mbegu

Sikio la saba lilikuwa na tabia ya kusema kabla halijaulizwa. Yale mengine kumi na moja yalingoja uyabonyeze kichwani ndipo yatoe habari, lakini la saba, ukilipita tu na pindo la kanga likaligusa, linaanza. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti kando yake nafunga nyasi, likasema kwa ile sauti yao ya mwalimu wa kike asiye na haraka:

"Maji, yametosha. Mizizi, mita moja na nusu. Kwato, hakuna."

"Ahsante," nikalijibu. Mtu akisema na wewe humwachi hewani.

Nyuma yangu mtu akacheka. "Bibi, bado unaongea na vyuma?"

Alikuwa Zaituni, mtoto wa binti yangu Mwajuma. Alikuwa amepanda kwa miguu, maana gari haliruhusiwi kuingia bondeni Mondosi, viatu mkononi, begi la Taasisi ya Udongo mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Njoo ukae. Usikanyage hapo, kwale ana mayai."

Akaruka kama mtoto. Kati ya kishungi na kishungi, kwenye kinjia kisichozidi viganja viwili, kwale alikuwa amelalia mayai sita, anatutazama kwa jicho moja. Ndivyo zilivyo nyasi zetu za asili, hazijitandazi kama mkeka. Kila moja inasimama na shungi lake, inamwachia mwenzake nafasi, na kwenye nafasi hizo vifaranga hupita, sungura hujificha, na mvua ikianguka haikimbii. Inazungukazunguka kwenye mashina mpaka inachoka, inazama.

Zaituni akachuchumaa, akaweka viatu chini. "Leo sikuja kama mjukuu. Nimekuja kama mkaguzi."

"Basi nisimame nikupigie saluti?"

"Bibi, usinichekeshe, nina mambo mazito." Lakini alishacheka. Akatoa kile kibao chake cha kioo, akakigusisha kwenye kichwa cha Sikio, kikawaka. "Shamba lako limepata tisini na moja. Hakuna bonde nchi hii lililovuka sitini. Tisini na moja, bibi!"

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Mimi darasani sikuwahi kupata tisini na moja, hata kwenye kufagia. Nikakaa chini.

Masikio ni vijiti vya chuma, vimezamishwa udongoni urefu wa mtu, kichwa tu kiko nje kama uyoga. Yanasikia maji yakishuka, mizizi ikirefuka, na kila hatua inayokanyaga juu. Kila jioni yanapeleka ushahidi Taasisi. Ushahidi huo hakuna wa kuupinga; hata mahakamani, mtu akisema hivi na udongo ukasema vile, hukumu inafuata udongo. Sheria iliandikwa hivyo kwa sababu watu walidanganya sana zamani, na makorongo yakazidi kupanuka. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu korongo lilipomeza barabara yetu, kisha shule, kisha nyumba saba kwa mvua moja. Ndipo likaja agizo: miaka thelathini bila kwato za ng'ombe, mbuzi wala punda. Kuchoma nyasi marufuku. Watu wote wakahamishiwa Mistarini, chini tambarare, kwenye mabati yaliyopangwa kama vitabu vya kabati. Tukabaki walinzi wawili, mimi na shemeji yangu Kijuu, mdogo wa marehemu mume wangu. Kwato zikisikika hata siku moja, hesabu inarudi sifuri.

Sasa zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Jina la mama lipo kwenye orodha ya kwanza," Zaituni akasema. "Ameshafunga mizigo, anakalia ndoo."

"Nyumba yake nimeisiriba jana. Sakafu inang'aa."

"Nimeiona. Mbona kile kishungi kilichoota mlangoni hujaking'oa?"

"Nitaking'oa akikaribia. Kwa sasa kinanisalimia nikiingia."

Akanitazama kwa huruma, kisha uso ukabadilika, ukawa wa utani. "Halafu kuna jambo jingine Masikio yameleta. Kila alfajiri, miaka saba sasa, wazee wawili wanatembea humu shambani pamoja. Polepole. Wanasimama, wanakwenda, wanasimama. Miguu minne laini." Akajifunika mdomo. "Bibi. Ni wewe na babu Kijuu? Amekurithi kimyakimya, hata pilau hatukula?"

Nilihisi damu ikipanda mpaka kwenye masikio yangu ya nyama. "Adabu yako!"

"Mimi sisemi kitu! Taasisi nzima inajua. Wanawaita wapenzi wa alfajiri."

Nikacheka naye, nifanyeje. Lakini mkono wangu ulikuwa umekaza juu ya ile nyasi niliyoifunga, maana miguu ile minne ilikuwa ya mwingine kabisa.

Zaituni hakuona. Alikuwa anasoma kwenye kibao, sauti imerudi ya kikazi. Taasisi ilikuwa imeandika Utaratibu wa Mondosi, wa kupelekwa mabonde mia moja na manne. Hatua ya kwanza, changanya mbegu na mchanga. Ya pili, acha nafasi ya unyayo. Ya tatu, usimwagilie baada ya mvua ya pili. Ya nne, kila kishungi cha tano kifungwe fundo.

"Fundo?" nikauliza.

"Fundo lako, bibi! Wataalamu wamelichunguza miaka mitano. Wanasema kishungi kikifungwa kinashika upepo tofauti, mtikisiko unashuka kwenye mzizi, mzizi unashtuka, unazama zaidi. Wamechora na michoro. Linaitwa Fundo la Mwasiti."

Mwasiti ni mimi.

"Na siku ileile ya kufungua bonde, sheria mpya itapigwa muhuri. Mondosi ndiyo ushahidi. Bonde limepona bila kwato hata moja, kwa hiyo mabonde mengine yote ambayo hayajapona yataongezewa miaka thelathini. Bila kwato, na mafundo."

Kwale akajitikisa juu ya mayai yake. Nikamwambia Zaituni twende tukanywe uji.

*

Baada ya uji alilala, kwa uchovu wa kilima. Mimi nikashuka korongoni.

Kijuu alikuwa amekaa juu ya jiwe anashona kiatu. Kiatu cha nani, ungeshangaa: kipande cha godoro ndani, gunia nje, kamba ya kukaza juu ya kifundo. Kando yake, ndani ya pango ambalo zamani mvua ililichimba, maksai alikuwa anacheua amefumba macho. Jina lake Mstaafu. Alikuja miaka saba iliyopita akiwa ndama, amepotea kutoka tambarare, mbavu nje, akaangukia humu korongoni, ambako hakuna Sikio. Kijuu alitakiwa amripoti. Alimpa maji kwanza, na mtu ukishampa mgeni maji, kumripoti inakuwa kazi.

"Mke wangu amefika," akasema bila kuinua uso. Zaituni ndiye mke wake, kama ilivyo kwa mababu wote. "Mbona hukuniita? Au mnanisengenya?"

"Tunasemwa sote wawili. Taasisi nzima inasema umenirithi."

Sindano ikasimama. "Nani?"

"Masikio yanamsikia Mstaafu kama wazee wawili wanaotembea alfajiri."

Kijuu alicheka mpaka akashika ubavu. "Shemeji, basi mimi nimekuoa miaka saba na sijala hata ugali wako wa moto! Huyu ndiye bwana harusi," akampiga Mstaafu begani. Maksai hakujali.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza yote, ya mabonde mia moja na manne, ya fundo, ya miaka thelathini mingine. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

Sisi tulijua. Miaka ishirini na tatu ya kwanza tulipanda, zikaota vizuri, mwaka wa tatu zikaanza kufa kuanzia katikati. Nyasi hizi majani yake ya zamani hayadondoki. Yanasimama palepale, yanakauka, yanageuka kijivu, yanaziba jua, na kishungi kinafia moyoni, kinabaki duara kama kichwa cha mzee mwenye upara. Nilijaribu kukata kwa mundu. Kilipumua kidogo, lakini mbegu zilianguka juu ya gamba gumu la udongo, sisimizi wakazibeba zote. Kisha akaja Mstaafu. Alikula yale makavu mpaka chini, akapita. Kwato zake, hata ndani ya gunia, zilivunja gamba, zikazididimiza mbegu. Kinyesi chake kikaleta mende, mende wakaleta kwale. Sisi hatukubuni kitu. Tulimfuata tu nyuma.

Na fundo? Wanawake wa kwetu toka zamani ukikata nyasi za kuezekea, kile kishungi unachotaka kiachwe kitoe mbegu unakifunga fundo, na mwenzako akipita anaelewa, hakigusi. Mimi nilikuwa namfungia Kijuu. Kila penye fundo, mvute kamba, Mstaafu asile hapo. Watu wa Taasisi waliponiuliza ni ya nini niliwaambia, "Ya kuacha mbegu." Nilisema kweli. Nusu.

"Shemeji," Kijuu akasema, "subiri siku kumi na moja. Mwajuma aingie nyumbani kwake. Halafu sema unachotaka."

"Sheria ikishapigwa muhuri, bibi wa darasa la nne ataifungua na nini?"

"Kwani wewe uliapa kulinda mabonde mia moja na manne? Uliapa kulinda hili." Akaokota sindano. "Ukisema, hesabu inarudi sifuri. Mimi nina miaka sitini na tisa. Watanipeleka Mistarini nikafie kwenye bati, mtaa wenyewe hauna jina, una namba. Mwajuma atakuwa na miaka sabini na sita bonde likifunguliwa. Na huyu," hakumtazama Mstaafu, "unajua watamfanya nini."

Nilijua. Nikakaa pale mpaka jua likafika kwenye ukingo wa korongo. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Nilipanda juu nikiwa nimeamua, na nikapika mchana kwa moyo mwepesi.

*

Siku ya tatu baadaye alikuja mwanamke mmoja na Zaituni. Mrefu, mkavu, mikono imepasuka kama ya kwangu. Aliitwa Paskalina, mlinzi wa bonde la Sambwa, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu. Taasisi ilikuwa imempa Utaratibu wa Mondosi kwa majaribio miaka mitatu nyuma, wa kwanza kabla ya wengine wote.

Alinisalimia kwa kupiga goti, nikamshika mkono ainuke. Akafungua mfuko wa kiroba, akatoa kishungi kilichong'olewa na mizizi yake, akakiweka miguuni pangu kama mtu anayeweka maiti ya kuku aliyekufa kwa ugonjwa.

"Mama, nimekosea wapi?"

Kilikuwa kimefia moyoni. Duara la kijani pembeni, upara wa kijivu katikati. Na juu yake fundo, limefungwa vizuri sana, limefungwa kwa unadhifu kuliko langu.

"Nimefunga kila cha tano," akasema. "Mwaka wa kwanza nilifunga kwa kuzungusha mara moja. Vilipoanza kugeuka kijivu nikadhani labda ni mara mbili. Nikafungua vyote, nikafunga upya. Vishungi mia tisa na kitu. Halafu mtu akaniambia mama Mwasiti anafunga kwa mkono wa kushoto. Ni kweli unafunga kwa kushoto?"

"Mimi ni mashoto," nikasema.

"Ahaa." Akaitazama mikono yake. "Basi nitafanya mazoezi ya kushoto."

Zaituni alikuwa anaandika. "Dada Paskalina, labda ni pembe ya fundo. Wataalamu wanasema..."

"Mama yangu yuko Mistarini," Paskalina akaendelea, kana kwamba hakumsikia. "Ana miaka themanini na moja. Sisi Sambwa tumebakiza miaka miwili. Nikimpigia simu hanisalimii, swali lake la kwanza ni, vishungi vimeshika? Mwezi uliopita nimemwambia vimeshika, mama. Sijawahi kumdanganya mama yangu." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa nasikia tutaongezewa thelathini. Nikasema ngoja nije nione kwa macho yangu. Huenda kuna kitu kidogo tu nakosea. Nionyeshe, mama. Funga moja nikuone."

Nikapiga magoti. Nikashika kishungi, vidole vikaanza kufunga vyenyewe kama vilivyozoea, naye akainama karibu kabisa, anafuatisha kwa midomo: pindisha, pitisha chini, kaza. Akashika kishungi cha pili, akafunga kwa mkono wa kushoto, kikaponyoka, akarudia. Kikaponyoka. Akarudia tena.

"Hivi, mama?"

Mwajuma aliwahi kuniuliza hivyohivyo, na kamba za viatu vya shule.

"Acha," nikamwambia. "Mwanangu, acha. Fundo halina kazi."

Zaituni akainua uso.

"Ni alama tu. Hapa kuna maksai."

Nilisema yote, nimepiga magoti vilevile. Kuhusu ndama, gunia, godoro, wazee wawili wa alfajiri. Paskalina alikuwa ameshika nyasi, hakuiachia. Zaituni kwanza aliweka kalamu, kisha akaichukua, kisha akaiweka tena.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "unajua ulichosema?"

"Najua."

"Na hata hivyo hakisaidii kitu. Neno lako halina nguvu mbele ya udongo. Masikio yanasema hakuna kwato, miaka ishirini na tisa na siku mia tatu na ushee. Nikiandika kwamba bibi yangu amesema kuna maksai, wataandika bibi amezeeka. Mimi wataniondoa kwenye kazi hii, na sheria itapita. Naomba uelewe. Kwa sheria, hujasema kitu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kurudi nyuma kupitia hapo na mtu asinilaumu. Nilikuwa nimesema, hawakusikia, basi. Nikatazama nyumba ya Mwajuma kule juu, ukuta mwekundu nilioupaka mwenyewe. Nikatazama mkono wa kushoto wa Paskalina.

"Basi tuupe udongo wenyewe useme," nikasema, na nikaenda ukingoni mwa korongo. "Kijuu! Shemeji! Mlete bwana harusi!"

Kimya. Mara ya pili nikaita, kimya. Nikajua anasikia, korongo lile hata chafya inapanda. Nikakaa ukingoni, miguu inaning'inia, sikuita tena. Mimi na Kijuu tumelinda bonde hili wawili kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na kaka yake. Hatusukumani.

Jua lilikuwa limesogea kiasi cha kuiva maharage ndipo nikasikia kamba ikikwaruza mawe. Akatokeza kwanza Kijuu, amevaa koti lake la Idi. Nyuma yake Mstaafu, na viatu vyake vinne vipya vya gunia, ambavyo Kijuu alimaliza kushona wiki ile.

"Huyo wa Sambwa ana sauti kubwa," Kijuu akasema, hakumtazama mtu. "Mama mtu ana themanini na moja, sawa, nimesikia. Mimi siyo kiziwi." Kisha kwa Zaituni: "Mke wangu, shikamoo hatupeani leo?"

"Shikamoo, babu," akajibu, na machozi yakamtoka.

Tulimwingiza shambani taratibu, tukimzungusha mbali na kwale, mpaka kwenye kishungi chenye makavu mengi. Nikapiga magoti mbele ya mguu wa kwanza. Kijuu hukaza kamba vibaya, ilinichukua muda. Gunia likatoka, godoro likatoka, na ukwato ukaonekana, mweusi, laini, umefifia kwa kukosa mawe kama ukucha wa mtu aliyelazwa muda mrefu. Nikaenda wa pili. Paskalina akaja bila kuitwa akashika wa tatu. Wa nne Kijuu alifungua mwenyewe, na pale alikaa kidogo, amekumbatia ule mguu, mpaka Mstaafu akamgeukia kuona kuna nini.

Kisha Kijuu akampa uhuru wa kamba. Maksai akanusa chini. Akainua mguu, akauweka, akasimama kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Akapiga hatua nyingine, akaanza kula.

Hakuna aliyegusa Sikio lolote. Lakini la saba lilikuwa na tabia yake.

"Kwato," likasema. "Zipo."

Kisha likaendelea kwa sauti ileile isiyo na haraka: "Kwato, nne. Maji, yametosha. Mizizi, mita moja na nusu. Siku bila kwato, sifuri."

"Ahsante," nikasema.

Zaituni alikwenda akalipigia magoti. "Uliza," nikamwambia. "Uliulize kama udongo umeumia."

"Swali hilo halimo, bibi. Tuliliwekea kusikia, hatukuliwekea kuulizwa hivyo." Akagusisha kibao, vidole vinakwenda mbio, kisha vikasimama. "Lakini subiri. Sauti ya sasa, hatua za huyu, uzito wake, mwendo wake wa kusimama na kwenda..." Akageuza kioo. Kulikuwa na mistari miwili inayopanda na kushuka, mmoja juu ya mwingine. Hata mimi niliona imefanana, huu mkali, ule butu. "Hawa ndio wazee wawili. Wamo humu kila alfajiri kwa miaka saba. Alipita wapi, lini, alikula muda gani. Na kila alipopita, namba ya mizizi inapanda wiki ya tatu. Kila alipopita, bibi! Udongo ulikuwa unasema kila siku. Sisi tulikuwa tunacheka."

"Wataamini?" Paskalina akauliza.

"Mimi hawatanisikiliza. Huu watausikiliza, sheria inawalazimisha." Akavuta pumzi. "Ila sheria ileile inafunga Mondosi. Nikiutuma, siwezi kuutuma nusu."

Akanitazama. Hakuwa mkaguzi tena wala mjukuu. Alikuwa mtoto wa Mwajuma, anayesubiri mtu mzima amwambie.

"Tuma," nikasema.

*

Kijuu wamempa barua ya kujieleza, na maksai amezuiliwa palepale alipo, kama kielelezo, mpaka shauri lisikilizwe. Kijuu anasema ndiye maksai wa kwanza duniani kuwekwa rumande kwenye nyasi. Sheria ya mabonde haikupigwa muhuri. Imesimamishwa, na Sambwa wameruhusiwa kujaribu ng'ombe watatu, siku arobaini, chini ya Masikio. Paskalina aliniambia kwa simu kwamba amemweleza mama yake ukweli, mama akamkaripia, kisha akamuuliza ng'ombe hao ni wa rangi gani.

Mimi nilimpigia Mwajuma siku ileile, kabla hajasikia kwa mwingine. Nilimweleza polepole. Upande wa pili palikuwa na kelele za Mistarini, watoto, bati likigongwa.

"Mama," akasema mwisho. "Nimeshafunga mizigo."

"Najua, mwanangu."

"Nifungue yote?"

"Fungua vya kupikia," nikamwambia. "Vingine viache kwanza."

Alikata simu. Sikumlaumu. Baada ya siku mbili alipiga tena, akauliza habari za sakafu, kama imepasuka. Nikamwambia haijapasuka, naimwagia maji kidogo kila Ijumaa.

Jana nilikwenda kuifagia. Kile kishungi cha mlangoni kimeanza kutoa masuke, mekundu kwa chini, meupe juu, kimekuwa kirefu kufika kiunoni kwangu. Mstaafu amezoea kupita pale anaporudishwa jioni, sasa anatembea na kwato zake wazi, unamsikia toka mbali. Alikuwa ameshaonja majani mawili ya pembeni.

Nikaweka ufagio chini, nikakifunga fundo.